Kugombea uenyekiti wa kijiji, kitongoji au mtaa: jinsi ya kujiandaa na kutumikia kwa mikono safi

Kila uchaguzi wa serikali za mitaa unapokaribia, maswali ni yaleyale. Fomu zinatolewa wapi? Lazima niwe na chama? Mwenyekiti analipwa kiasi gani? Mtu akiniletea bahasha ya asante baada ya kumgongea muhuri, kuna ubaya gani? Nimeyajibu mara nyingi kwa mdomo, sasa nayaandika pamoja ili atakayeuliza tena apate pa kuanzia.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Zanzibar shehia inaongozwa na sheha, naye huteuliwa, hapigiwi kura. Uchaguzi wa mwisho Bara ulifanyika 27 Novemba 2024, na kwa kuwa muhula ni miaka mitano, unaofuata ni wa 2029. Usiseme bado mapema. Mengi ya hapa chini huanza miaka miwili au zaidi kabla ya kampeni.

Jambo moja ulikubali kabla hujaendelea kusoma: mwenyekiti hana mamlaka yake peke yake. Mamlaka yako kwenye vikao. Wenyeviti wengi walioharibikiwa waliharibikiwa pale walipoamua peke yao jambo lililopaswa kuamuliwa na mkutano.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Uraia wa Tanzania na umri wa miaka 21 au zaidi. Kupiga kura ni miaka 18, kugombea ni 21.
- Uwe mkazi wa kawaida wa eneo unalogombea. Kuwa na shamba kule huku unaishi mjini hakutoshi.
- Kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza.
- Kipato halali kinachokuwezesha kuishi. Hili ni sharti la kanuni, na lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu uenyekiti hauna mshahara. Kuna posho, ambayo hutofautiana kati ya halmashauri na halmashauri na mara nyingi huchelewa.
- Uanachama na udhamini wa chama cha siasa. Mgombea binafsi haruhusiwi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hukumu mwaka 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki, lakini katazo bado lipo, kwa hiyo jipange na chama.
- Daftari na kalamu. Utaandika sana.

Kama huna njia nyingine ya kula, tafuta kwanza shamba, duka au kazi. Mwenyekiti mwenye njaa hujaribiwa kila asubuhi, na watu wenye pesa wanalijua hilo kuliko yeye.

Hatua ya 1: Jua unagombea nini

Vijijini kuna kitongoji, juu yake kijiji, kisha kata. Mijini mtaa ndio ngazi ya chini, kisha kata. Halmashauri ya kijiji kilichosajiliwa ni chombo kamili kisheria: inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Mtaa hauna hadhi hiyo. Ndiyo maana mwenyekiti wa kijiji anabeba mambo mazito zaidi, hasa ardhi.

Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, wakiwemo wenyeviti wa vitongoji vyote. Wewe ndiye mwenyekiti wa vikao, mtendaji wa kijiji ndiye katibu. Mtendaji ni mtumishi wa halmashauri ya wilaya, analipwa mshahara, na si mtumishi wako. Juu ya halmashauri ya kijiji upo Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Huo ndio mkubwa wenu nyote.

Usichanganye na balozi wa nyumba kumi. Huyo ni kiongozi wa shina la chama, si wa serikali, ingawa mitaa mingi watu bado wanampelekea kila kitu.

Hatua ya 2: Hudhuria mikutano kabla ya kuitaka

Nenda kwenye kila mkutano mkuu, kaa mbele, sikiliza mapato na matumizi yanavyosomwa, kama yanasomwa. Andika tarehe, kilichoamuliwa, na kama kilitekelezwa. Uliza swali moja la heshima kila mara: michango ya choo cha shule ilifikia kiasi gani, na stakabadhi ziko wapi?

Omba kuingia kwenye kamati. Madarasa na zahanati nyingi sasa zinajengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo fedha huja kwenye akaunti ya shule au kituo na jamii inaunda kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Kamati ya mapokezi ndiyo shule bora ya uongozi ninayoijua. Utahesabu mifuko ya saruji ikishuka kwenye gari, utapima nondo kama ni za milimita zilizoandikwa, utagundua tripu ya mchanga iliyolipwa na haikufika. Aliyesaini kupokea mifuko 50 iliyokuwa 44, huyo ameshajifunza uongozi mwingine, na hapaswi kuendelea na hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Safisha mambo yako mwenyewe

Kaa na familia yako. Waambie wazi kwamba ndugu hatapewa kiwanja kwa sababu yako, na shemeji hatauza tofali kwenye mradi ambao wewe unaidhinisha malipo yake. Afadhali ugomvi huo utokee sasa kuliko baada ya kuapishwa.

Kisha andika kwenye karatasi: madeni yako na unadaiwa na nani, mashamba yako na mipaka yenye mgogoro, biashara zako zinazogusa kijiji. Deni kwa mfanyabiashara anayetaka eneo la malisho ni hatari kuliko deni la VICOBA. Lilipe au lipangie utaratibu unaoonekana. Mwenyekiti wa kijiji hatakiwi kujaza tamko la mali kama diwani anavyotakiwa chini ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, lakini hakuna anayekukataza kusimama kwenye mkutano wa kwanza na kutaja ulichonacho. Watu wataikumbuka siku wanapokuona unajenga.

Hatua ya 4: Kura za maoni ndani ya chama

Hapa ndipo wengi wanaponunuliwa au kununua, kwa sababu wapiga kura ni wachache na wanajulikana kwa majina. Utaambiwa wajumbe wanahitaji nauli, soda, au kitu kidogo. Zamani kitu hicho kiliitwa takrima na sheria ya uchaguzi ikakivumilia, mpaka Mahakama Kuu ilipovibatilisha vifungu hivyo mwaka 2006.

Fanya hesabu kabla hujatoa. Nafasi haina mshahara. Laki tano uliyogawa itarudi kutoka wapi? Itarudi kwenye kiwanja cha mjane, kwenye michango ya zahanati, kwenye barua ya kijana anayeomba kazi. Hakuna mahali pengine.

Badala ya fedha, pita nyumba kwa nyumba ukiwa na daftari lako la hatua ya pili. Mtu anayejua kwamba choo cha shule kilikwama mwezi gani na kwa nini, anasikilizwa.

Hatua ya 5: Kujiandikisha na fomu

Soma hatua hii mara mbili.

Orodha ya wapiga kura wa serikali za mitaa si Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Kadi ya Tume ya Uchaguzi haikupi haki ya kupiga kura kwenye uchaguzi huu. Mwaka 2024 uandikishaji wake ulifanyika 11 hadi 20 Oktoba, kwenye kitongoji au mtaa husika, na waliodhani kadi inatosha walibaki nje. Mgombea asiyekuwa kwenye orodha ameshajikata mwenyewe. Uchaguzi wa 2024 ulisimamiwa na OR-TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, kwa kanuni zinazotolewa kila mara upya, kwa hiyo usitumie kanuni za uchaguzi uliopita. Zitafute mpya mara tu zinapotangazwa.

Baada ya hapo fomu. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vingi vya visingizio vikiwa makosa ya kujaza, na vyama kadhaa vikajitoa. Mwaka 2024 malalamiko ya namna hiyo yalisikika tena. Haki ilikuwa upande gani ni mjadala mwingine. Kazi yako ni kutompa mtu sababu:

- Andika majina yako yote kwa herufi zilezile ulizojiandikishia. Kama kwenye orodha ni Athumani, usiandike Athuman.
- Taja kitongoji, kijiji, mtaa na kata kama yalivyo kwenye tangazo la serikali, si kama mnavyopaita.
- Kwenye kazi, andika kazi halisi: mkulima, fundi uashi, mama lishe. Usiache wazi.
- Hakikisha anayesaini udhamini wa chama ndiye kiongozi wa ngazi inayotakiwa na kanuni.
- Nakili fomu iliyojazwa, piga picha kila ukurasa, na ukiirudisha dai uthibitisho wa kupokelewa wenye tarehe na saa.

Irudishe siku ya pili au ya tatu, si ya mwisho. Siku ya mwisho ofisi hufungwa, msimamizi msaidizi huwa kikaoni, na mvua hunyesha.

Hatua ya 6: Kampeni ya siku saba

Kampeni za 2024 zilikuwa 20 hadi 26 Novemba. Wiki moja haitoshi kujitambulisha, kwa hiyo anayefahamika tayari ndiye anayefaidika.

Ahidi yaliyo ndani ya uwezo wa kiti. Huwezi kuahidi lami. Unaweza kuahidi mikutano mikuu minne kwa mwaka, mapato na matumizi kubandikwa ukutani, na kila mchango kuwa na stakabadhi. Ukiulizwa kuhusu maji, sema utawasilisha wapi na lini, usiseme utaleta.

Usiseme mtu kwa kabila, dini au ndoa yake. Kijiji ni kidogo, mtazikana.

Siku ya kura hakikisha una wakala mwenye kiapo na barua mapema. Vituo 2024 vilifunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni, na wakala aliyeondoka kula saa nane hawezi kueleza kilichotokea saa nane. Mpelekee chakula.

Hatua ya 7: Ukishinda, pokea ofisi kwa maandishi

Usipokee muhuri peke yake. Dai makabidhiano yenye orodha na sahihi, mbele ya mtendaji: rejista ya wakazi, vitabu vya mihutasari, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika, taarifa ya benki, cheti cha ardhi ya kijiji, ramani, mpango wa matumizi ya ardhi kama upo, sheria ndogo, orodha ya mali na ya madeni. Kinachokosekana kiandikwe kwamba kinakosekana. Usipofanya hivyo, baada ya miezi sita utaulizwa wewe.

Fedha taslimu za kijiji zisilale nyumbani kwako hata usiku mmoja. Anayepokea ni mwenye kitabu cha stakabadhi au mashine, zinapelekwa benki, basi.

Hatua ya 8: Mikutano, na mapato na matumizi

Halmashauri ya Kijiji hukaa kila mwezi, Mkutano Mkuu kila miezi mitatu. Panga tarehe za mwaka mzima mwezi wa kwanza na uzibandike. Epuka siku ya gulio na msimu wa kupalilia, na muda uwafae wanawake, ambao mkutano wa saa nne asubuhi huwakuta mtoni.

Taarifa ya mapato na matumizi isomwe kwa tarakimu, si kwa "tulikusanya kiasi na tukatumia kwa mahitaji". Kilichoingia, kutoka wapi, kilichotoka, kwa nani, kilichobaki, kiko wapi. Bandika nakala kwenye ubao wa ofisi, shuleni na dukani.

Likija jambo linalokugusa wewe au nduguyo, sema mapema, mpishe mjumbe mwingine aongoze, toka nje, na muhtasari uandike kwamba ulitoka.

Faini nazo: huwezi kumtoza mtu kwa sababu tu mkutano ulikasirika. Lazima kuwe na sheria ndogo iliyopitishwa na kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, na stakabadhi. Kumfungia mtu ofisini ni kosa lako, hata kama ameiba mbuzi.

Hatua ya 9: Ardhi

Hapa ndipo penye moto, na hapa nitakaa kidogo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu kwanza. Si mwenyekiti, si mwenyekiti na mtendaji, si hata halmashauri nzima peke yake. Karatasi uliyosaini na mgeni barazani kwako haina nguvu, ila ina uwezo wa kukufikisha TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa.

Mwekezaji akija, utaratibu ni huu. Maombi yawe ya maandishi. Halmashauri ijadili, watu watembelee eneo wakiwa na majirani wa mipaka yote, na wafugaji wanaopita pale waulizwe, hata kama hawakai pale mwaka mzima. Mkutano mkuu utangazwe ukitaja kabisa kwamba ajenda ni ardhi, ekari ngapi, wapi, kwa nani. Mahudhurio yasainiwe na waliohudhuria. Usikubali kamwe orodha ya sahihi iliyoambatishwa baadaye au iliyochukuliwa kwenye mkutano mwingine. Migogoro mingi ya vijiji, ukiifukua hadi chini, unakuta karatasi ya mahudhurio ya mkutano ambao watu hawakuambiwa habari ya ardhi.

Ugomvi wa mipaka kati ya majirani upeleke Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Wewe usijifanye hakimu.

Mijini shida ni nyingine: mauzo ya viwanja na nyumba. Imezoeleka mahali pengi mwenyekiti kudai asilimia 10 ya bei kwa kushuhudia. Hakuna sheria inayokupa fedha hiyo. Kabla ya kushuhudia, uliza: mke au mume anajua? Warithi wengine wako wapi? Muuzaji anayeharakisha na hataki ndugu waitwe, mwambie arudi nao.

Hatua ya 10: Muhuri, barua na majina

Barua ya utambulisho ni haki ya mkazi. Weka kitabu cha kumbukumbu: tarehe, jina, barua ya nini. Usimwandikie usiyemfahamu kwa sababu kaletwa na rafiki, maana barua hiyo itatumika kuomba dhamana au pasipoti.

Majina ya kaya za TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, yataje mbele ya mkutano, moja baada ya jingine, watu waseme. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka uliofuata, na sababu mojawapo ilikuwa vikundi hewa. Kila kikundi hewa kilikuwa na barua ya utambulisho, na kila barua ilikuwa na muhuri wa mtu. Nenda ukakione kikundi kikifanya kazi ndipo usaini.

Ukikwama

*Jina langu limekatwa.* Dai sababu kwa maandishi siku hiyohiyo. Muda wa pingamizi na rufaa huhesabiwa kwa siku chache, kwa hiyo nenda na kiongozi wa chama, nakala zako na picha za fomu. Usiende na kundi la vijana, utageuzwa kesi ya vurugu.

*Mtendaji hataki kuandaa mapato na matumizi.* Mwombe kwenye kikao ili iingie kwenye muhtasari. Ikishindikana, mwandikie mtendaji wa kata, nakala kwa diwani na mkurugenzi wa halmashauri. Wananchi waambie ukweli kwamba taarifa haijaandaliwa na umechukua hatua gani. Usisome tarakimu za kubuni ili mkutano upite.

*Akidi haitimii.* Ahirisha, andika, tangaza upya kupitia wenyeviti wa vitongoji, misikitini na makanisani. Usijaze majina ya wasiokuwepo.

*Mkubwa wa wilaya au wa chama anataka eneo litolewe haraka.* Jibu kwa adabu: "Naomba barua, mheshimiwa, niipeleke mkutanoni." Kama hana barua, hana ombi.

*Nimeletewa bahasha.* Irudishe papo hapo mbele ya mtu wa tatu. Kama inaambatana na sharti au tishio, piga TAKUKURU namba 113. Sheria Na. 11 ya 2007 inamgusa anayetoa na anayepokea. Anayemtaka mwanamke kimapenzi ili ampe barua au kiwanja, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya sheria hiyohiyo.

*Wazazi wanataka kesi ya mtoto iishe nyumbani.* Binti mwanafunzi amepata mimba, au mtoto amebakwa, na familia mbili zimeshakubaliana ng'ombe. Watakuja kwako usiku, pengine mkubwa wako kiumri, pengine mjomba wako mwenyewe. Watakuomba uandike tu kwamba yameisha. Usiandike. Mtoto apelekwe hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyo, kabla ushahidi haujapotea. Utachukiwa, na huenda kura zitapungua. Mtoto yule hana mwingine mwenye muhuri wa kumsemea.

*Nimeshindwa.* Kama una ushahidi wa ukiukwaji, fungua shauri ndani ya muda wa kanuni. Kama huna, rudi kwenye kamati ya mapokezi. Saruji bado inashuka.